Helikopta ya Mezani na Vumbi la Kakamega

Sisi watoto wa pwani tulichonga vyombo kwa mbao za masanduku, tukavitweka tanga la kitambaa na kuviachia majini. Helikopta hatukuchonga. Basi nilipokwenda Kakamega kumtazama mwana wa ndugu yangu, aliyehamia huko kwa kazi, mjukuu wangu wa miaka 12 aliniamkia kisha akaniwekea mezani sanduku alilotumiwa na jamaa aliye Dubai. Ndani mlikuwa na Huey ya plastiki, vipande vyake vingali kwenye vijiti.

"Babu, wewe ndiwe fundi wa madau. Nisaidie."

Alibakiwa na juma moja kabla ya kurudi shule ya bweni. Na sanduku lilikuwa moja tu. Ukivunja kipande, huna pa kununua kingine.

Huey iliruka mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1956, na vita vya Vietnam vikaitangaza ulimwenguni. Ile aina ya H, panga lake la juu lina kipenyo cha futi 48. Sanduku letu lilikuwa la kadiri ya moja kwa 48, na kwa hivyo panga zima lilikuja futi moja kamili, sawa na rula ya shule. Kijana alilipima akacheka. Kisha akanyamaza, maana alikumbuka kuwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki tarehe 18 Aprili 2024 katika ajali ya helikopta ya aina hii huko Elgeyo Marakwet. Akasema, "Yetu iwe iliyorudi salama, lakini iliyochoka."

Kuunganisha hakukutusumbua sana: kata, piga msasa, tia gundi, ngoja. Ila kwenye kioo cha mbele niliingiwa na haraka, nikatumia gundi kali ya papo hapo, na mvuke wake ukakigubika ukungu mweupe. Kijana hakunena neno. Heri angenena! Tulikibandua polepole, tukakisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini karibu saa nzima, hata kikaonyesha tena, japo si kama mwanzo. Tulikirudisha kwa gundi nyeupe ya maseremala, ambayo haina mvuke huo.

Baada ya rangi ya kijani ndipo kazi ya kuichakaza ilipoanza. Mimi, kwa mazoea ya bandarini, nilikwisha kuchanganya rangi ya kutu. Kijana akanizuia: ubavu wa Huey ni alumini, hauli kutu kama meli. Rangi ikibanduka, chini hung'aa fedha. Nilikubali kufundishwa. Tukachovya kipande cha sponji katika rangi ya fedha, tukaipangusa karibu yote, kisha tukagusagusa penye vizingiti vya milango, ambapo buti za askari hukwaruza. Rangi nyeusi ya mafuta, iliyozimuliwa kwa tapentaini, tuliipitisha katika mistari ya mabati, ziada tukaifuta. Mgongoni tuliongeza kijani kilichopauka, kwa kuwa jua la Ikweta hupiga kutoka utosini, na Kakamega hapo ni pua na mdomo na Ikweta. Nyuma ya bomba la moshi, kuelekea mkiani, tulipaka unga wa makaa. Kwa hili sponji ni nzito. Kidole ndicho bora.

Vumbi la tumboni hatukulinunua. Tulichota udongo mwekundu wa uani, tukaukausha juani, tukauchekecha kwa kitambaa cha buibui kuukuu, tukaupaka kwa brashi kavu.

Lililobaki ni vanishi ya kufifisha mng'ao. Tuliipuliza alasiri, mawingu yamekwisha kutanda, na mvua ya Kakamega haikawii. Ule unyevu ukaingia katika vanishi, helikopta nzima ikageuka nyeupe kama iliyomwagiwa unga wa muhogo. Siku mbili zilikuwa zimesalia. Kesho yake, jua lilipokauka vyema, tulipuliza tena kwa wepesi kabisa, na weupe ukapotea kidogo kidogo, isipokuwa chini ya mkia, ambako tuliongeza vumbi.

Jumatatu kijana aliiweka juu ya kabati, mbali na mikono ya mdogo wake, akabeba sanduku lake la bati akaenda. Panga lingali linazunguka ukilipuliza.