Tarehe 7 Agosti, madaktari hukumbuka vioo

Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa Ijumaa. Kesho yake ilikuwa Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Asubuhi hiyo bomu lililipuka kwenye Ubalozi wa Marekani, wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Watu 11 walikufa. Wengine zaidi ya 70 waliumia. Majeruhi walipelekwa Hospitali ya Muhimbili.

Kila mwaka tarehe hiyo marehemu hukumbukwa. Kwa daktari na muuguzi, kukumbuka ni pamoja na kujiuliza: watu waliumizwa na nini?

Jibu kubwa lilitoka Nairobi. Huko nako bomu lililipuka siku ile ile, likaua zaidi ya watu 200. Kwanza ulisikika mshindo mdogo. Watu wakaenda madirishani kutazama. Nani asingetazama? Ndipo bomu lenyewe likalipuka. Vioo vikawapiga usoni. Wengi waliumia macho, na wengine wakapofuka.

Ndugu msomaji, ukisikia mlipuko, kaa mbali na dirisha. Kioo kikimchoma mtu jichoni, usikichomoe. Usilisugue jicho wala usilikandamize. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho, ukishikize kwa kitambaa, kisha mpeleke hospitali upesi.