Mvua ikikata barabara, nauli ya abiria ni ya nani?

MVUA ya masika au ya vuli inapopamba moto, abiria wa mashambani hujipata katika hali ngumu. Basi alilolipia nauli haliondoki, au huondoka likakwama katikati ya safari, na karani aliyempa tikiti humwambia kwamba mvua ni kazi ya Mungu na pesa zikishalipwa hazirudi.

Wengi hukubali jibu hilo na kwenda zao. Hata hivyo, kisheria jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mwenye basi hawezi kulaumiwa kwa mvua kunyesha. Si kweli kwamba mvua inampa ruhusa ya kukaa na nauli ya safari ambayo hakuifanya.

Suala hili si la shilingi mia chache tu. Gari likifika kwenye mto uliofurika, abiria anayeamini kwamba akishuka nauli yake imepotea ndiye huwa wa kwanza kumhimiza dereva avuke. Dereva naye, akijua kwamba tajiri wake hatataka kusikia habari ya kurejesha pesa, hushawishika kujaribu bahati.

Madhara ya kujaribu bahati Wakenya wanayafahamu. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji ya Mto Enziu, eneo la Mwingi, Kaunti ya Kitui, dereva alipojaribu kuvuka daraja lililokuwa limefunikwa na mafuriko. Zaidi ya watu 30 walifariki.

Mnamo Aprili 2024, basi lililokuwa likitoka Wajir kuelekea Nairobi lilizingirwa na mafuriko katika Kaunti ya Garissa, na abiria waliokuwamo wakaokolewa kwa mashua. Mwezi uo huo, barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa ilikuwa imekatika, na wasafiri wakalazimika kuvuka kwa mashua. Moja ya mashua hizo ilizama katika Mto Tana na kusababisha vifo.

Je, sheria inasema nini? Msingi wake ni Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010. Kifungu hicho kinampa kila mtumiaji wa bidhaa au huduma haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, na haki ya kulindwa kiafya, kiusalama na kiuchumi. Haki hizo zinawabana wafanyabiashara wa kibinafsi sawa na mashirika ya umma.

Ili kutekeleza kifungu hicho, Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Watumiaji wa Bidhaa na Huduma ya mwaka 2012. Sheria hiyo inasema wazi kwamba haki inazompa mteja haziondolewi na makubaliano yoyote. Kwa hivyo, maneno yaliyopigwa chapa nyuma ya tikiti kwamba nauli hairejeshwi kamwe hayawezi kumnyang'anya abiria haki aliyopewa na sheria hiyo.

Nguzo nyingine ni sheria ya mikataba. Tikiti ni mkataba: abiria analipa, mwenye gari anamfikisha. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inafuata kanuni za kawaida za Uingereza, na kanuni hizo zilikwisha kutoa jibu kuhusu mkataba unaovunjwa na jambo lisilo katika uwezo wa yeyote kati ya wahusika.

Jibu hilo lilitolewa mwaka 1942 katika kesi ya kampuni ya Fibrosa ya Poland. Kampuni hiyo ilikuwa imeagiza mitambo kutoka kwa watengenezaji wa mjini Leeds na kulipa pauni 1,000 mapema. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikazuka, Ujerumani ikaivamia Poland, na mitambo haikuweza kupelekwa. Mahakama ya juu zaidi ya Uingereza iliamua kwamba, ingawa vita havikuwa kosa la muuzaji, aliyelipa bila kupata chochote alistahili kurudishiwa pesa zake.

Mafuriko yanayokata barabara ni jambo la aina hiyo hiyo. Safari isipofanyika kabisa, abiria ana msingi wa kudai nauli yake. Asichoweza kudai kwa urahisi ni fidia ya hasara nyingine, kama vile gharama ya kulala mjini au mazishi aliyoyakosa, kwa sababu mwenye basi hakuileta mvua.

Mambo hubadilika pale ambapo mvua ni kisingizio tu. Wakazi wa mashambani wanajua kwamba siku za mvua abiria hupungua, na basi lenye watu kumi huahirishwa hadi kesho kwa madai kwamba barabara haipitiki. Ikiwa magari mengine yanapita, basi limeachwa kwa sababu halitaleta faida. Huko ni kuvunja mkataba, na abiria anaweza kudai nauli pamoja na hasara aliyopata kutokana na uamuzi huo.

Ndivyo ilivyo pia gari linapoharibika kwa sababu halikutengenezwa ipasavyo. Kamba ya wipa iliyokatika au magurudumu yaliyoisha si kazi ya Mungu. Abiria akihamishiwa gari jingine, ni jukumu la mwenye gari la kwanza kulilipa la pili. Abiria hapaswi kutozwa nauli mara mbili kwa safari moja.

Kosa kubwa zaidi ni kuuza tikiti huku ofisi ikijua kwamba barabara imefungwa. Sheria ya mwaka 2012 inahesabu maelezo ya uongo kwa mteja kuwa biashara isiyo ya haki, na inamruhusu mteja kuuvunja mkataba na kudai fidia.

Penye utata ni safari iliyokatika katikati. Chukua mfano wa abiria aliyelipa nauli ya kutoka Nairobi hadi Garissa, kisha gari likakwama baada ya Mwingi. Akiamua kushuka na kuendelea kwa njia nyingine, ni vigumu kudai nauli yote, kwa kuwa amekwisha kusafirishwa sehemu ya njia. Dai la busara ni la sehemu iliyobaki. Lakini gari likigeuza na kumrudisha Nairobi, hakufikishwa popote, na ana sababu nzuri ya kudai pesa zake zote.

Nchi nyingine zimeyaandika mambo haya kinaganaga. Katika Muungano wa Ulaya, ambako theluji ndiyo huzuia mabasi, Kanuni nambari 181 ya mwaka 2011 inahusu safari za kawaida za kilomita 250 au zaidi. Safari ikifutwa, au ikichelewa kuondoka kwa zaidi ya saa mbili, abiria huchagua kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa njia nyingine. Asipopewa nafasi ya kuchagua, huongezewa fidia ya nusu ya bei ya tikiti.

Kanuni hiyo inamwondolea mwenye basi mzigo wa kulipia hoteli ikiwa hali mbaya ya hewa ndiyo iliyozuia safari. Haimwondolei jukumu la kurudisha nauli. Hata hivyo, mabasi ya vijijini yanayokwenda masafa mafupi hayamo katika mpango huo wa fidia, ishara kwamba hata Ulaya abiria wa mashambani ndiye anayesahaulika.

Nchini Kenya, haki bila ushahidi haimfikishi mtu mbali. Abiria anashauriwa kudai tikiti yenye tarehe, saa na nambari ya gari, na kulipa kwa nambari ya biashara ya kampuni badala ya simu ya utingo. Ujumbe wa M-Pesa usifutwe. Picha ya barabara iliyofurika, au ya magari mengine yakipita, inaweza kumaliza ubishi.

Hatua ya kwanza ni kwenda katika ofisi ya kampuni au chama cha ushirika cha gari husika. Kanuni za magari ya uchukuzi wa umma za mwaka 2014 zinawataka wenye magari kuwa chini ya kampuni au vyama vilivyosajiliwa, kwa hivyo kuna mahali pa kubisha hodi. Malalamiko yaandikwe, na nakala ihifadhiwe.

Ofisi ikikataa, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), ambayo ndiyo hutoa leseni kwa magari hayo.

Mlango wa mwisho ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60, na mlalamishi anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Ni kweli kwamba watu wachache watapanga foleni mahakamani kwa ajili ya Sh800. Lakini abiria 40 waliolipa Sh1,500 kila mmoja wanadai jumla ya Sh60,000, na hizo si pesa ambazo mwenye basi anaweza kuzipuuza. Ndiyo maana inafaa abiria waliokwama pamoja waachiane nambari za simu kabla ya kutawanyika.

Wahenga walinena, kawia ufike. Wosia huo ni rahisi kuufuata kwa mtu anayejua kwamba akishuka kwenye ukingo wa mto uliofurika, nauli yake haijasombwa na maji.