Rejeta Mpya, na Gari Bado Linachemsha

Malalamiko haya yana mtiririko wake, na kila fundi wa gereji anaujua. Mwenye gari alianza kwa kubadilisha mpira wa juu wa rejeta. Haukupita muda rejeta yenyewe ikapasuka, akanunua nyingine. Ikafuata pampu ya maji. Sasa amesimama pembeni ya barabara, boneti iko wazi, mvuke unafuka, na hajui tena anunue nini. Swali lake ni moja: kwa nini gari hili haliponi?

Mara nyingi haliponi kwa sababu vifaa vilibadilishwa kadiri vilivyokuwa vikiharibika, wala hakuna aliyeuliza kwanza gari linachemsha wapi na wakati gani. Gari linalochemsha kwenye foleni ya Ubungo lina ugonjwa wake, linalochemsha likipanda mlima wa Kitonga lina wake, na linaloanza kutema maji asubuhi, dakika chache tu baada ya kuwashwa, lina ugonjwa mwingine kabisa. Mwenye gari ndiye anayeyajua haya, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Fundi anayefungua boli kabla ya kumsikiliza anabahatisha kwa fedha za mwenzake.

La foleni ni jepesi. Gari likisimama hakuna upepo wa kupita kwenye rejeta isipokuwa ule wa feni, kwa hiyo kama joto linapanda kwenye msongamano na kushuka barabara inapofunguka, anza na feni: mota yake, rilei, swichi ya joto, waya. Angalia pia lile kava la plastiki linaloizunguka, ambalo mafundi wengi hulitoa na kulisahau gereji. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita katikati ya rejeta. Katika magari mengi madogo ukiwasha kiyoyozi feni inapaswa kuanza kuzunguka, basi hapo una kipimo cha bure.

Mlimani mambo ni mazito zaidi. Injini ya petroli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Theluthi nyingine hutokea kwenye ekzosi, na kiasi kama hicho hubebwa na maji kwenda kwenye rejeta. Unapopanda na mzigo, kanyagio limezama na mwendo ni mdogo, joto hilo huongezeka huku upepo ukipungua. Hapo ndipo kila udhaifu uliokuwa umejificha tambarare hujitokeza, na udhaifu ninaokutana nao kuliko mwingine wowote upo kwenye kifaa cha bei ndogo kuliko vyote: mfuniko wa rejeta.

Juu ya mfuniko wa magari mengi ya Kijapani utaona namba 0.9 au 1.1. Hizo ni kilo za presha kwa kila sentimita ya mraba ambazo mfuniko unatakiwa kuzizuia kabla ya kuachia. Presha ndiyo inayoyazuia maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Pwani, mfuniko wa 1.1 ukiwa mzima, hata maji matupu huvumilia hadi karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mfuniko ukishindwa, uvumilivu wote huo umekwisha. Kisha panda: kila mita 300 hivi za mwinuko hupunguza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Iringa mjini kwenye nyuzi 95. Injini nyingi hufanya kazi zikiwa na joto la kati ya nyuzi 85 na 100. Maana yake ni kwamba gari lenye mfuniko mbovu linaweza kuchemsha huko juu ilhali rejeta, pampu na feni vyote ni vizima, na likirudi Dar es Salaam likatulia kwa mwezi mzima.

Ugeuze mfuniko uutazame, injini ikiwa imepoa kabisa. Mpira wake wa duara ukichakaa hukakamaa, hubaki na mfereji ulioachwa na mdomo wa rejeta, na ukiubonyeza kwa kucha haubonyei. Katikati kuna kivalvu kidogo. Ukikivuta kwa kucha kinatakiwa kufunguka na kurudi chenyewe. Kazi yake ni kuruhusu maji yarudi kutoka kwenye tangi la ziada injini inapopoa. Kikiganda kwa kutu, maji hayarudi, ndani kunakuwa na mvuto, na asubuhi unakuta mpira wa juu wa rejeta umenywea. Mwenye gari anaona mpira mbovu, ananunua mpya, na mpya nao unanywea.

Jambo la pili kuhusu presha ndilo linaloeleza kwa nini vifaa huharibika kimoja baada ya kingine, na sijui gari linaloonyesha hili vizuri kuliko BMW Series 3 ya kizazi cha E46, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2006. Katika injini zake za silinda 6, M52TU na M54, themostati, yaani kifaa kinachoyafungulia maji njia ya rejeta, hufunguka kwenye nyuzi 97, joto kubwa kuliko la magari mengi ya rika lake, ingawa kompyuta inaweza kuifungua mapema injini inapobeba mzigo. Mfuniko wa tangi lake ulipangiwa presha ya kilo 2 hivi kwa sentimita ya mraba. Na vitu vingi vinavyobeba joto na presha hiyo ni vya plastiki, yaani nailoni iliyotiwa nyuzinyuzi za kioo: pande za rejeta, tangi la ziada, nyumba ya themostati. Hata pampu za maji za baadhi ya magari hayo zilikuwa na mapanga ya plastiki.

Plastiki ya namna hiyo ni imara inapotoka kiwandani. Lakini kila unapowasha gari hupashwa na kutanuka, kila unapozima hupoa na kusinyaa, na baada ya miaka 10 ya mzunguko huo hukauka na kuwa dhaifu. Ufa huanzia kwenye maungio: mdomo wa rejeta unapovalishwa mpira, au mshono wa tangi. Sasa tazama kinachotokea. Tangi likiwa na ufa mdogo, presha inavuja na mfumo mzima unapumua. Unanunua tangi jipya, presha inarudi kwenye kiwango chake kamili, na kinachoelemewa ni mdomo wa rejeta wenye umri uleule na uchovu uleule. Unapopasuka unaweka rejeta mpya, na zamu inahamia kwenye nyumba ya themostati. Mwenye gari anadhani ameuziwa spea bandia. Inawezekana, lakini hata kwa spea halisi hali ingekuwa hiyohiyo, kwa sababu vifaa vilizaliwa siku moja na vinazeeka pamoja. Ndiyo maana wamiliki wazoefu wa E46 hawabadilishi kipande kimoja: gari likikaribia kilomita 100,000 hufumua mfumo wote kwa wakati mmoja, yaani rejeta, tangi na mfuniko, themostati, pampu na mipira. Gharama ya siku hiyo ni kubwa. Ukijumlisha kuvutwa mara tatu na maji yaliyomwagwa mara tatu, bado ni nafuu.

E46 ina jambo jingine la hatari. Mshale wa geji yake ya joto umepangwa ukae katikati kwenye masafa mapana, ili dereva asihangaishwe na mabadiliko madogo. Mshale unapoanza kusogea, joto limeshavuka mpaka, na dereva anayesema ngoja nifike hapo mbele anaweza kufika na silinda hedi iliyopinda. Magari mengine mengi ya kisasa yana tabia hiyohiyo. Tena maji yakiisha kabisa, kihisio kilichokuwa kimezama hubaki hewani na geji inaweza kuonyesha kwamba injini iko sawa huku inaungua. Mshale uliopanda kisha ukashuka ghafla usikufurahishe. Egesha.

Sasa nije kwenye kosa letu sisi mafundi, ambalo limeenea kiasi cha kuonekana utaalamu: kutoa themostati. Husemwa kwamba nchi zetu ni za joto, hicho kifaa ni cha Ulaya, kitoe maji yapite bure. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi. Inaiwezesha injini kufika haraka kwenye joto lake na kubaki hapo. Bila hiyo, injini inayotembea barabara kuu hubaki baridi kuliko inavyotakiwa, kompyuta huendelea kuongeza petroli, na oili huchafuka mapema. Ubaya zaidi ni kwamba katika injini nyingi themostati ina sahani ya pili inayoziba njia ya mkato ya maji pale njia ya rejeta inapofunguliwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Gari lililotolewa themostati ili lisichemshe linachemsha kwa sababu hiyohiyo, na fundi anayefuata anauza rejeta.

Kisha kuna maji yenyewe. Watu hudhani kulanti ni dawa ya kuzuia kuganda, na kwa kuwa Dar es Salaam hakugandi, wanajaza maji ya bomba. Kuzuia kuganda ni nusu tu ya kazi yake. Nusu nyingine, iliyo muhimu kwetu, ni kupandisha kiwango cha kuchemka na kulinda aluminiamu, chuma na sili ya pampu visiliwe na kutu. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi hutoboa aluminiamu. Maji magumu ya bara yana chokaa, ile inayobaki nyeupe ndani ya birika la chai, nayo hugandamana ndani ya mirija ya rejeta ambayo uwazi wake ni wa milimita chache tu. Rejeta ya namna hiyo kwa nje inang'aa. Ipapase kwa uangalifu gari likiwa na joto na injini imezimwa: penye mirija iliyoziba pana ubaridi. Ukifungua na kukuta maji ya rangi ya udongo, huo si uchafu wa barabarani, ni chuma cha injini yako.

Kulanti nayo huzeeka. Ile ya waridi ya Toyota, ya muda mrefu zaidi, imepangiwa kilomita 160,000 au miaka 10 ya mwanzo, na baada ya hapo kila kilomita 80,000 au miaka 5. Gari lililonunuliwa Japani likiwa na miaka 8 na kutumika hapa miaka mingine 5 limeshapita umri huo, hata kama halijawahi kuongezwa tone. Rangi isikuongoze, kwani kila kiwanda hupaka yake. Soma chupa inasema inafaa injini gani, na kama haijachanganywa tayari, ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Na zile dawa za kumimina ili kuziba mivujo, ziache. Haziwezi kuchagua kati ya tundu linalovuja na mrija mwembamba unaopitisha maji.

Linabaki gari linalochemsha asubuhi. Washa injini ikiwa baridi, subiri dakika moja au mbili, kisha bana mpira wa juu wa rejeta kwa vidole. Maji bado hayajapata moto, kwa hiyo mpira unapaswa kuwa laini. Ukiwa umeshakaza, presha hiyo haikutokana na joto; ni gesi ya silinda inayopenya gasketi ya hedi. Ipo dawa ya majimaji ya buluu ambayo hushikiliwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, na hewa inayotoka ndani ikiwa na kaboni dioksidi ya mwako, buluu hugeuka manjano mbele ya macho yako. Omba fundi akuonyeshe. Gasketi mara nyingi huungua kwa sababu gari lilichemsha mwanzoni kwa kosa jingine: aluminiamu ya hedi hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, na joto likizidi, hedi hupinda. Hedi ikapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya ikawekwa, na mfuniko mbovu uliosababisha yote ukarudishwa mahali pake, kazi itarudi gereji.

Likichemsha ukiwa njiani, zima kiyoyozi, fungulia hita mpaka mwisho hata kama utatoka jasho, maana hita ni rejeta ndogo, kisha tafuta pa kuegesha. Zima. Usifungue mfuniko. Maji ya ndani yana nyuzi 110 au 120, na presha ikitoka hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni na kifuani. Nimeona makovu yake. Subiri mpaka mpira wa juu uwe laini na uweze kuushika, jambo ambalo mara nyingi huchukua zaidi ya nusu saa, wala usimwagie injini maji baridi.

Na kabla hujanunua rejeta ya pili, mwambie fundi apime presha. Kifaa chake ni pampu ndogo ya mkono yenye saa, hufungwa mahali pa mfuniko. Injini ikiwa baridi na maji yamejaa, piga pampu mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, usizidishe, uache kwa robo saa. Mshale ukitulia, mfumo hauvuji, basi pima mfuniko wenyewe kwa kifaa hichohicho. Mshale ukishuka, pita na tochi kwenye kila ungio, chini ya pampu, na kwenye zulia la mbele ndani ya gari, ambako hita hupenda kuvujia. Ukishuka na nje kote ni kukavu, chomoa plagi moja moja utazame ni silinda ipi yenye maji.