Kabla ya Kutoboa au Kukata Boriti ya Zege

Katika miji ya Kilosa na Mikumi, nyumba ya kuishi hugeuzwa duka, na duka la kando ya barabara kuu hugeuzwa nyumba ya kulala wageni. Mabadiliko hayo hudai mabomba mapya, milango mirefu zaidi na kumbi zisizo na nguzo katikati. Mara nyingi kinachoguswa ni boriti ya zege, nayo huenda isioneshe madhara siku ileile.

Boriti inavyobeba mzigo

Zege huhimili sana mgandamizo, lakini uwezo wake wa kuhimili mvuto ni takribani sehemu moja tu ya kumi ya uwezo huo. Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili ikielemewa, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Ndiyo maana nondo kuu huwekwa chini. Juu ya nguzo ya kati hali hugeuka: mvuto huwa juu, na nondo kuu hukaa juu. Karibu na nguzo boriti huweza kupasuka kwa mshazari. Ringi zinazozungushiwa nondo kuu huzuia hatari hiyo.

Umbo likibadilishwa

Kukata upande wa chini ili mlango urefuke hupunguza kimo cha boriti, na huweza kuondoa nondo zilezile zinazobeba mvuto. Kwa hesabu ya zege isiyo na ufa, kimo kikipungua kwa nusu, ugumu wa kutopinda hubaki sehemu moja ya nane.

Kuondoa nguzo ya kati ni hatari zaidi. Kwa boriti iliyoegemea ncha mbili, urefu ukiwa mara mbili, nguvu ya kupinda huwa mara 4 kwa mzigo uleule wa kila mita. Aidha, pale palipokuwa na nguzo sasa panavutwa chini, ilhali nondo nyingi ziko juu.

Tundu la bomba nalo lina mahali pake. Linalofaa ni dogo na la mviringo, katikati ya kimo, mbali na nguzo, na lililopangwa kabla ya kumwaga zege ili ringi za ziada ziwekwe. Kuziba kwa plasta tundu lililokata nondo hakurudishi nguvu iliyopotea.

Mambo ya kufanya

1. Mtake mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akague jengo na kutoa mchoro wa marekebisho.

2. Omba kibali cha Halmashauri ya Wilaya kabla kazi haijaanza.

3. Andika katika mkataba kwamba fundi hatatoboa boriti wala nguzo nje ya mchoro.

4. Ukiona ufa wa mshazari karibu na nguzo, boriti iliyobonyea au mlango ulioanza kukwama baada ya marekebisho, ondoa watu, simamisha kazi na umwite mhandisi. Mpangaji naye anaweza kutoa taarifa Halmashauri.

Mara nyingi boriti haina haja ya kuguswa: bomba huweza kupitishwa chini yake na kufichwa kwa dari. Gharama ya dari ni ndogo kuliko ya kujenga upya.