Jinsi Buha Ilivyoingia katika Nchi Moja

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza jambo ambalo watu wa Kasulu na Kibondo hulijua kwa kuishi nalo, lakini ni wachache waliopata kuelezwa chanzo chake. Mtu wa Heru au wa Muhambwe akivuka mto Malagarasi kuingia Burundi, husikia lugha ambayo karibu yote aielewa, huona migomba na ng'ombe kama wa kwao, na pengine humkuta shangazi yake ameolewa huko. Walakini yupo ugenini, na yampasa kuwa na hati mkononi. Mtu huyo huyo akipanda gari moshi hata Dar es Salaam, kisha akapanda chombo hata Pemba, ambako hamjui mtu wala mila zao si mila zake, bado yumo katika nchi yake. Ilikuwaje hata jirani akawa mgeni, na mtu wa mbali akawa mwananchi mwenzake?

Zamani Buha yenyewe haikuwa nchi moja. Palikuwa na nchi kadhaa, na kila moja ilikuwa na mtawala wake aitwaye mwami: Buyungu upande wa kaskazini, kisha Muhambwe, Heru, Bushingo na nyinginezo. Chini ya mwami walikuwako watware waliotawala sehemu zake, na huko mitaani alikuwako mteko, mwangalizi wa ardhi, ambaye watu walimwendea walipogombania mpaka wa shamba. Mwenye ng'ombe wengi alimpa mwenziwe ng'ombe wa kutunza, naye aliyepewa akawa na deni la utumishi. Mapatano hayo huitwa ubugabire. Basi mtu alijulikana kuwa wa nchi fulani kwa sababu ya yule aliyemtii na kumtumikia. Mstari uliochorwa juu ya karatasi haukuwako.

Tusidhani, hata hivyo, ya kwamba nyanda hizi hazikuwa na habari za pwani. Chumvi ya Uvinza ilivuta wafanyaji biashara kutoka pande zote, na Ujiji palikuwa kituo cha misafara iliyofunga safari kutoka pwani iliyo mkabala wa Unguja, ikitafuta pembe, na watumwa pia. Kiswahili kilifika ziwani kwa miguu ya wapagazi, kabla ya Mzungu kuja kutawala.

Wajerumani wakaja, wakaitia Buha katika nchi yao ya Afrika Mashariki pamoja na Rwanda na Burundi. Reli yao ilifika Kigoma mwaka 1914, mwaka ule ule ilipoanza Vita Kuu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakawafukuza Wajerumani, na kwa muda wa miaka mitano hivi Buha ikatawaliwa na Wabelgiji. Hapo ndipo lilipotokea jambo kubwa. Mwaka 1919 wajumbe wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, walipatana jinsi ya kugawana. Rwanda na Burundi zilikwenda kwa Wabelgiji, Buha ikaenda kwa Waingereza, nao wakaipokea mwaka 1921. Mtu aliyekuwa akilima karibu na Malagarasi hakuulizwa neno.

Mipaka ile haikuwa amri ya mbinguni. Sehemu ya Rwanda iitwayo Gisaka ilikatwa wapewe Waingereza, waliokuwa wakiwaza njia ya reli. Mwami Musinga na wamisionari walilalamika, na baada ya miaka michache ikarudishwa. Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, haikurudishwa, nayo leo ni sehemu ya Ngara. Kama mpaka wa Buha ungesukumwa kidogo mashariki, mzee wa Kasulu leo angekuwa Mrundi, na kama ungesukumwa magharibi, wengi waitwao Warundi wangekuwa wenzetu.

Waingereza walitawala kwa kuwatumia watawala wa asili, na sheria ya mwaka 1926 iliwapa hao mamlaka. Heru na Muhambwe zikapata nguvu mpya, lakini nguvu hiyo ilitoka kwa Bwana Shauri. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha katika nyanda hizi ilikuwa adimu. Ndipo vijana wengi wakaandikishwa kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Huko mkongeni Mha alilala banda moja na Mnyamwezi, Mbena na Mmakonde, wakihesabu siku thelathini za kipande na kusemezana kwa Kiswahili. Sisi twaona ya kwamba hapo, katika taabu ile, ndipo watu wengi wa Buha walipofahamu kwanza kwamba Tanganyika ni nchi, na kwamba wenzao wana malalamiko yale yale.

Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kilikuwa na lugha tayari na watu waliokwisha kusafiri. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Burundi ilipata wake tarehe 1 Julai 1962, peke yake. Na hapo ule mstari wa mwaka 1919 ukawa mpaka wa mataifa mawili. Mwaka 1963 utawala wa asili ukaondolewa kwa sheria. Katika Heru aliyeacha kiti alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyetawala tangu mwaka 1946.

Mwaka uliofuata ukaja Muungano. Zanzibar, iliyokuwa nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Uingereza, ilipata uhuru Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 ikapinduliwa. Tarehe 22 Aprili Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia sahihi Hati za Muungano, na tarehe 26 nchi mbili zikawa moja. Jina la Tanzania lilifuata Oktoba. Hapakupigwa kura ya wananchi, si Pemba wala Kibondo. Zanzibar ilibakiwa na serikali yake kwa mambo yake, na mambo kumi na moja yaliwekwa chini ya Serikali ya Muungano. Kati ya hayo yamo ulinzi, mambo ya nchi za nje, uraia na uhamiaji.

Haya mawili ya mwisho ndiyo yanayomgusa mtu wa mpakani kuliko bendera. Kwa sheria ya mwaka 1961, mtu aliyezaliwa Tanganyika, naye ana mzazi mmoja aliyezaliwa humo pia, alikuwa raia papo hapo siku ya uhuru. Kwa mtu wa Dodoma swali hilo ni jepesi. Lakini mtu ambaye yeye alizaliwa Kasulu, na baba na mama yake wote wawili walizaliwa ng'ambo ya Malagarasi wakati mto ulikuwa mto tu, hakupata uraia kwa njia hiyo. Na wakimbizi wa Burundi walipofurika mwaka 1972, na tena mwaka 1993, na kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, maswali ya maofisa yalizidi. Mha akisema Kiha barabarani aweza kudhaniwa Mrundi, akatakiwa kutaja kijiji cha babu yake. Naye kijiji hicho pengine hakipo tena, maana katika Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, watu walihamishwa kutoka milimani wakawekwa kando ya barabara.

Majina ya zamani hayakufutika yote. Mpiga kura wa Kibondo huchagua mbunge wa jimbo la Muhambwe, na yule wa Kakonko, kabla ya mwaka 2025, alichagua wa jimbo la Buyungu. Mwaka 2010 Muhambwe, pamoja na majimbo mawili ya Kasulu, yalipeleka bungeni wabunge wa NCCR-Mageuzi, chama cha upinzani. Na siku za soko watu wa ng'ambo huvuka bado na maharagwe na ndizi zao, wakapatana bei na wenzao bila mkalimani.