Jamii ya Injini Iliyolala

Nairobi imejaa Toyota Vitz, lakini wenye Vitz hawapungiani mikono. Hawana salamu yao, hawana vikao vya Jumapili, wala hawana mtu wanayemwita mzee kwa sababu tu ameshusha injini nyingi. Hawahitaji. Vitz hubadilishwa oili ikaendelea na safari zake. Jamii ninayotaka kuieleza hapa imejengwa juu ya gari linaloharibika, na sidhani ingekuwepo kama gari hilo lisingeharibika.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza yenye turbo, hasa ile ya kizazi cha kwanza iliyotengenezwa kati ya 1992 na 2000, ambayo wapenzi wake huiita kwa msimbo wa kiwandani, GC8. Chini ya boneti kuna injini ya EJ20, ya lita mbili, ambayo silinda zake nne hazikusimama bali zimelala, mbili kushoto na mbili kulia. Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili hayakuanzia kwenye yadi za magari ya Japani. Yalianzia kwenye vumbi la Safari Rally. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne akiwa ndani ya Impreza. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda Safari kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akafanya hivyo hivyo. Watoto waliosimama kando ya njia siku hizo, meno yamejaa udongo, sasa ni watu wazima wenye mishahara, na baadhi yao waliupeleka mshahara wa kwanza mahali ulipokuwa moyo.

Kisha kuna sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishapita miaka minane. GC8 za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 2000, kwa hiyo kufikia 2008 hivi mlango ulikuwa umefungwa. Zilizomo nchini, nyingi zikiwa na namba zinazoanza na KA, ndizo hizo hizo. Moja ikigonga mti Mai Mahiu, idadi imepungua na haitarudi. Mtu asipolijua hili hataelewa kwa nini watu wazima husikitika kwa dhati wakiona picha ya bampa lililopondeka la gari lisilo lao. Hataelewa pia kwa nini gari hujulikana zaidi ya mwenyewe. Utasikia mtu akiulizwa, "Ile KAT ya bluu iko kwa nani siku hizi?" naye akataja wamiliki watatu waliotangulia, nani aliitunza na nani aliitesa.

Salamu ni kupepesa taa. Anayepepesewa hujibu, hata kama hamjui anayemsalimu. Ukimkuta mwenzako ameegesha pembeni, boneti juu, unasimama. Kumpita ni aibu itakayosimuliwa. Mara nyingi anayesimama hana msaada mkubwa wa kutoa, lakini ana kamba ya kuvutia, ana chupa ya maji, ana namba ya fundi, na huenda anaijua harufu. Kifuniko cha valvu kikivuja, oili hudondokea kwenye ekzosi iliyo moto, na harufu yake haifanani na ya klachi iliyoungua. Mgeni husikia harufu moja tu ya balaa. Mwenye uzoefu husikia mbili, na anajua ipi inaweza kungoja mpaka Jumamosi.

Na sauti. Mngurumo wa Subaru, ule wa kukatakata unaosikika kabla gari halijakata kona, hutokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu tofauti: moshi wa silinda moja huifikia turbo mapema kuliko wa nyingine. Kwa hiyo watu hawa wamezoea kusikiliza. Mtu hurekodi injini yake kwa simu alfajiri ikiwa baridi, akawatumia wenzake, na majibu huja: hiyo ni pistoni inagonga, ikipata joto itanyamaza, hiyo si pistoni, hiyo ni beringi ya krenki, zima sasa hivi, usiiwashe hata kuitoa getini.

Moyo wa mila hizi ni siku ya kufungua injini. Huwa Jumamosi au Jumapili, kwenye uwanja wa nyumba ya mtu au kwenye gereji inayokubali wageni. Mwenye gari hununua oili, gasketi, mkanda wa taimingi na chakula. Mikono hailipwi. Si kwamba pesa ni haramu. Ni kwamba ukilipa umelimaliza deni, na deni hilo halitakiwi kuisha. Wewe leo unashikiwa, mwezi ujao utashika.

Kushika ni kushika kweli. Katika injini yenye kamshafti nne, zile mbili za upande wa kushoto husukumwa na springi za valvu. Ukiutoa mkanda bila kuzizuia, zinaruka, na valvu zinaweza kugongana zikapinda. Kuna kifaa cha kuzishikilia, lakini si kila mtu anacho. Wapo wanaokiazima kwa mwenzao na kukirudisha kimefutwa grisi, na wapo wanaotumia spana mbili na mtu wa pili mwenye subira. Hapo ndipo mgeni hufundishwa jambo ambalo limeua injini nyingi. Kwenye gia ya krenki kuna mshale, umechorwa wazi, unamwita mtu. Autumiaye huo kupangia mkanda amepotea. Alama ya kweli ni mstari mdogo ulio nyuma, kwenye meno, ambao kwa mikono michafu na taa ya simu hauonekani mpaka uonyeshwe. Sijui mhandisi aliyeweka mshale ule alikuwa na ugomvi na nani.

Mkanda ukikaa, maji hurudishwa. Gari huinuliwa pua, injini huachwa ingurume, na maji huongezwa kidogo kidogo ili hewa iliyonaswa itoke. Mapovu yakikoma, watu hurudia nyama. Yakiendelea, kikao kizima hunyamaza, kwa maana huenda hedi gasketi imepasua njia na kinachopanda ni moshi wa silinda. Hakuna anayelitamka kwanza. Kwa kawaida mwenyewe ndiye husema, na baada yake ndipo wengine wanaruhusiwa kushauri.

Gari lisiloweza kuokolewa hugawanywa kama ng'ombe wa sherehe. Giaboksi ina mtu wake aliyengoja tangu meno ya gia ya tatu yalipokatika, maradhi ya giaboksi hizi za gia tano. Milango ni ya fulani aliyegongwa ubavuni. Turbo humwendea aliyetangulia kwenye foleni, kwa bei ambayo si ya Kirinyaga Road. Anayenunua vipande hivyo na kwenda kuviuza sokoni kwa faida hafukuzwi rasmi, ila siku yake ikifika simu zake hazipokelewi.

Sasa fundi. Hapa ndipo nina ugomvi kidogo na jamii hii. Maarifa mengi ninayoyasikia yakitambwa Jumapili yalitoka kwa mafundi waliojifunza Subaru kwa kuzifungua, wengi bila kitabu cha kiwanda, wakilipwa kazi kwa kazi. Fundi huitwa "mkubwa", huletewa soda, husikilizwa injini ikiwa mbele yake. Lakini picha zikipigwa yeye ndiye anayeshika simu. Kwenye msafara wa Naivasha, ambako Safari imekuwa ikifanyika tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, yeye hayumo isipokuwa kuna gari lenye mashaka. Na mila ya kutolipa mikono, nzuri kama ilivyo kati ya wenye magari, ina tabia ya kumfikia na yeye: "Mkubwa, hebu angalia tu, dakika mbili." Dakika mbili hizo ndizo riziki yake.

Majirani wana malalamiko yao. Sauti ile ile inayopendwa huamsha watoto saa sita usiku, na wapo vijana wanaoifanya barabara ya umma kuwa ya mashindano. Isitoshe, Subaru imetajwa mara nyingi katika habari za watu kunyakuliwa, hata mwenye nayo akiegesha getini pa mtu huchunguliwa kwanza kama ni askari kanzu.

Ubishi mkubwa wa siku hizi unahusu injini za kupandikiza. EJ20 iliagwa Japani kwa toleo la mwisho la magari 555, na vipuri vyake halisi vinazidi kupanda bei. Wapo wanaotia injini ya Forester au Legacy kwenye GC8 na kuendelea na maisha. Wapo wanaosema hilo si GC8 tena, afadhali ikae juu ya mawe mpaka block sahihi ipatikane. Nimeona magari ya hawa wa pili: yamefunikwa turubai, tairi hazina upepo, bodi inaanza kushika kutu kwenye matao ya nyuma. Mimi niko na wa kwanza. Lakini siku injini ya Forester inaposhushwa kutoka kwenye pikapu, wale wabishi nao huja, wakalaumu tangu asubuhi, na jioni utawakuta chini ya gari wakifunga nati za giaboksi.