Kujijua Si Kujikumbuka

Muulize mtu yeye ni nani, ataanza kusimulia: nilizaliwa mahali fulani, nikasoma, nikahamia mjini, nikaoa. Hata wataalamu walishawishika kwamba nafsi ndiyo hayo masimulizi. Mwaka 1694 mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika kuwa mtu hubaki yule yule kadiri fahamu yake inavyoweza kurudi nyuma.

Mwaka 1981 kijana wa Kanada, anayetajwa katika tafiti kwa herufi K.C., alipata ajali ya pikipiki, ubongo ukaumia vibaya. Alipopata nafuu hakukumbuka tukio hata moja la maisha yake. Angeweza kukueleza hatua kwa hatua namna ya kubadilisha tairi lenye pancha, ila hakukumbuka kuwahi kubadilisha hata moja. Ukimuuliza ya jana, kichwa kitupu. Ukimuuliza atafanya nini kesho, kitupu vile vile.

Kwa hesabu ya Locke, huyu nafsi yake ilibaki barabarani. Mwanasaikolojia Endel Tulving hakuridhika. Alimpa K.C. orodha ya maneno ya tabia, aseme kila neno linamfaa kiasi gani. Mama mzazi naye akampima mwanawe kwa orodha hiyo hiyo. Majibu yao yalikaribiana sana. Lakini lililonishangaza mimi ni jingine. Ajali ilikuwa imembadilisha: kijana mchangamfu, mpenda starehe, alikuwa amegeuka mtulivu, na K.C. alijieleza kama alivyo sasa, si kama alivyokuwa zamani. Hulka mpya aliijua, bila kukumbuka siku hata moja aliyoishi nayo.

Kumbe kujijua kuna ghala lake, na kujikumbuka kuna lake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993.

Ghala hilo la kwanza nalo huweza kukwama. Baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer hujieleza vizuri kabisa, ila wanayemweleza ni mtu wa kabla ya ugonjwa. Mabadiliko ya karibuni hayakuingia. Basi bibi anaposisitiza kuwa pilau ya sikukuu atapika mwenyewe, na wewe unajua juzi alisahau jiko linawaka, hasemi uongo wala si mbishi. Anajieleza kwa taarifa za mwisho alizonazo. Usimsute mbele ya wajukuu. Mpe mchele achague, kaa naye jikoni, moto uushike wewe.